Unyago Bila Mwali

Kamba ndizo zilizomkera Inspekta Lyson Makwinja. Zilikuwa kwenye sakafu ya ghala, zimefunguliwa fundo kwa fundo kwenye marobota, kisha zikakunjwa vizuri na kuwekwa pembeni. Katika miaka yake yote ya upelelezi hakupata kuona wizi wa namna hiyo. Wezi aliowazoea yeye walikata kamba kwa kisu na kutimua mbio. Huyu alikuwa na adabu za mama wa nyumbani.

"Bwana Inspekta, kamba hazikuibwa," alisema Madamu Ireen Gondwe. "Kilichoibwa ni mablanketi."

Madamu Gondwe alikuwa mkurugenzi wa Dzanja Lofunda, yaani Mkono Wenye Joto, shirika lililosaidia watu wenye virusi vya UKIMWI katika vijiji vya chini ya mlima Mulanje. Alikuwa mtu wa mjini, wa Blantyre, na viatu vyake vya mjini vilikwisha shiba tope jekundu. Hayo mablanketi aliyahangaikia mwaka mzima, akiwaandikia wafadhili wa ng'ambo na kuwabembeleza. Yalipofika yalikuwa mazuri kwelikweli: mazito, ya sufu, yenye rangi ya chungwa lililoiva, na kila moja limeshonewa nembo ya kiganja kilichofunguliwa. Yalifika wakati wake pia, maana manyunyu ya baridi yaitwayo chiperoni yalikuwa yameshuka mlimani na hayakuonyesha dalili ya kukoma. Na Alhamisi usiku mablanketi yote yalikuwa yameyeyuka.

"Unga wa lishe haukuguswa?" aliuliza Makwinja.

"Hata mfuko mmoja."

"Mafuta ya kupikia?"

"Yapo."

"Na hii baiskeli?"

"Ni ya ofisi. Ipo kama unavyoiona."

"Huyu mwizi alikuwa anasikia baridi tu, afande," alinong'ona Konstebo Chikapa, kijana mnene aliyependa kucheka kabla ya wenzake.

Makwinja alisukuma mlango. Kufuli lilikuwa zima. Nyuma ya mlango aliokota kipande cha kitambaa kilichosokotwa duara, akakigeuzageuza: ngata, ya kutulizia mzigo kichwani. Nje hapakuwa na alama ya gurudumu lolote, ila nyayo nyingi zilizokwisha fumuliwa na mvua. Akaitia ngata mfukoni.

"Madamu, walengwa wa mablanketi haya ni akina nani?"

"Majina ni siri, Bwana Inspekta. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza."

"Siri mpaka lini?"

"Mpaka Jumatatu. Jumatatu tutayasoma kwa kipaza sauti uwanja wa shule, kila mtu apite mbele apokee lake. Mkuu wa wilaya atakuwepo, na redio. Wafadhili wanataka picha."

Chikapa alikohoa kuficha kicheko. Makwinja hakuona cha kuchekesha, wala hakuona kingine chochote, na baadaye hilo lilimtia aibu kuliko mengi.

"Jumatano niliyakabidhi rasmi kwa jumbe, barazani kwake," Madamu aliendelea. "Watu wakapiga makofi, wakaimba, kisha yakarudishwa ghalani. Ilibaki kuyagawa tu. Sasa nitamwambia nini mkuu wa wilaya?"

"Mwambie mwizi tunaye," alisema Makwinja.

Kwa kweli walikuwa naye. Kufuli halikuvunjwa, na ufunguo wa pili alikuwa nao mlinzi, mzee Nasiyaya. Asubuhi ile Makwinja mwenyewe alimtia pingu na kumpitisha katikati ya soko hadi kituoni, ili watu waone kwamba serikali haijalala.

* * *

Nasiyaya alikuwa amechuma chai mashambani ujana wake wote, na mgongo wake ulikuwa haujasahau. Aliketi kwenye benchi la kituo, mikono katikati ya magoti.

"Nililala, bwana."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Shingoni."

"Kwa hiyo mtu alikuvua ufunguo shingoni, akafungua, akabeba mzigo wa ghala zima, akafunga, akakuvika tena. Na wewe unakoroma."

"Mimi nalala sana."

"Walikuwa wangapi?"

"Aliyelala atahesabuje, bwana?"

Makwinja aliweka ngata mezani. Macho ya mzee yaliigusa, yakakimbia.

"Unaijua hii?"

"Ngata zinafanana."

"Mwanaume unaibeba ya nini?"

Mzee akasema jambo ambalo, kwa mujibu wa Chikapa, alikuwa akilisema tangu asubuhi. "Naomba koti langu. Liko kwa mke wangu."

"Koti la nini? Jumatatu utasomewa shtaka, upelekwe gereza la mjini. Huko watakupa blanketi," alisema Makwinja, na Chikapa akaangua kicheko.

Mzee hakucheka. "Huko mke wangu hafiki, bwana."

Jinsi alivyolisema ndiyo iliyomfanya Makwinja aagize koti liletwe. Lilipoletwa alilipekua kwanza, kama taratibu zinavyotaka. Kwenye mfuko wa ndani vidole vyake vilikuta fundo dogo la kitambaa, na ndani ya fundo, vidonge. Alivijua. Picha zake zilibandikwa kwenye kila ukuta wa zahanati. Alivirudisha fundoni, akampa mzee koti lake pamoja na kikombe cha maji, akageukia dirishani wakati mzee anameza.

"Kumbe naye ni mmoja wao," alisema Chikapa wakiwa barazani, akijifuta mikono kwenye suruali ingawa hakugusa kitu.

Makwinja hakumkemea. Alikuwa anapiga hesabu nyingine. Mtu wa vidonge vile bila shaka alikuwa kwenye orodha ya siri ya Madamu. Blanketi lake angepewa Jumatatu, mchana kweupe. Kwa nini aibe kitu chake mwenyewe? Na kama si yeye, akienda gerezani atabaki bila mke wa kumletea koti, na dawa zile mtu hatakiwi kuzikosa. Hapo Jumatatu ilianza kuonekana karibu mno.

* * *

Jumamosi asubuhi Chikapa alikuja mbio: sokoni kuna blanketi la chungwa! Walilikuta kweli, limetandazwa juu ya rundo la viatu vya mitumba, na mwenyewe, mchuuzi aitwaye Mavuto, amekaa juu yake.

"Inuka," alisema Makwinja.

"Afande, na mimi tena? Jana mzee wa watu, leo mimi?"

"Umelipata wapi?"

"Limbe, dukani, tangu mwaka juzi. Lishike basi! Hili ni la plastiki, ukilisogeza motoni linalia. Yale ya wagonjwa ni ya sufu, kijiji kizima tuliyaona kwa jumbe." Akapaza sauti ili soko zima lifaidi. "Na hata ningeliokota njiani, afande, lile sijifuniki! Rangi ile unaonekana kutoka kilele cha mlima, watu wakuulize ugonjwa umeupata lini!"

Soko likacheka. Makwinja alilishika, akalinusa, akalirudisha. Lilikuwa la plastiki.

Mchana ule alikuwa ameahidi kula kwa dada yake. Eluby alikuwa mdogo wake wa pekee, mjane, na kwa desturi za kwao Makwinja ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya nyumba ile: mpwa akiugua, akifukuzwa shule, akiposwa, mjomba ndiye anayeulizwa. Alijivunia kwamba hakuna linalotokea kwa Eluby asilolijua.

Eluby alipiga magoti mlangoni kumpokea. Mikono yake ilikuwa imeviringishwa ndani ya kitenge.

"Leo hata makofi hunipigii?" Makwinja alimtania.

"Baridi, kaka. Vidole vimekufa ganzi."

Maji ya kunawa yaliletwa na Zione, binti yake, msichana aliyevunja ungo baada tu ya mavuno.

"Mama yako amekuwa bibi harusi siku hizi? Maji anamiminiwa mgeni na mtoto?"

"Mama amechoka, mjomba," alisema Zione, akimimina.

Nsima, ule ugali mweupe wa kwao, ilikuwa ya moto, na mbaazi zimepikwa kwa unga wa karanga kama alivyozipenda. Eluby alikaa kando kwenye mkeka, mikono palepale kitengeni, akasema yeye amekwisha kula. Mbali, kutoka kwenye kichaka cha ng'ambo ya kijito, ngoma ilikuwa inalia polepole, na moshi mzito ulipanda juu ya miti.

"Unyago wa nani huo?"

"Wa huko ng'ambo," alisema Eluby.

Makwinja alikula akisimulia kesi, maana alipenda kusikilizwa. Alisimulia kamba, akasimulia mlinzi na usingizi wake. Kisha akafika kwa wale aliowaita watu wa blanketi.

"Jumatatu nitakaa mbele kabisa. Wanaitwa mmoja mmoja, kwa kipaza sauti! Nataka nione nani anainuka. Lakini nikimwona mtu niliyewahi kula kwake, haki ya Mungu nitatapika palepale mbele ya mkuu wa wilaya."

Alicheka peke yake. Zione alikuwa anaangalia birika.

"Kula, kaka," alisema Eluby. "Mbaazi zinapoa."

* * *

Alivuka kijito akiwa ameshiba, akitembea tu ili afikiri, mkono mfukoni, vidole vikichezea ngata. Mzigo uliondoka vichwani, na pale kijijini waliobeba kwa vichwa ni wanawake. Wanawake wengi, wenye adabu ya kufungua fundo na kukunja kamba. Kwa mawazo, hapo alikuwa amefika tangu jana. Alichokosa ni mahali, kwa sababu mzigo ule haufichiki chini ya kitanda.

Njiani aliona mti uliobanduliwa magome, weupe wake ukiwa bado unatoa maji. Hatua chache mbele, mwingine. Akainua macho kuutazama ule moshi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo mwanaume wa pale hajiulizi, kwa kuwa kichaka cha unyago hakimhusu: moto wote huo wa kupikia nini?

Mbele yake uzi wa majani ulikuwa umefungwa kukatisha njia. Mwanaume hapiti hapo, awe jumbe au nani. Kabla hajaugusa, mwanamke mrefu alitokea vichakani akasimama upande wa pili. Alikuwa Mama Nasibeko, kungwi mkuu, aliyewacheza akina mama wa nusu ya wilaya.

"Simama hapo hapo, mwanaume."

"Mimi ni polisi, mama."

"Polisi ana matiti?"

Vicheko vya wanawake vilisikika nyuma ya miti. Makwinja alijikaza.

"Nataka kujua mwali ni nani."

"Mwali haulizwi na suruali. Rudi ukalale."

"Nauliza kama mjomba," alisema Makwinja taratibu, kwa maana ndiyo kwanza lilikuwa linamjia. "Hakuna msichana anayeingia humo bila mjomba wake kuombwa kuku na unga. Mpwa wangu Zione amevunja ungo mwaka huu. Angekuwa wa kwanza. Sijaombwa hata kifaranga, na nimemwacha nyumbani sasa hivi, amenimiminia maji. Basi mnamcheza nani humo ndani?"

Ngoma ilinyamaza. Upepo uligeuka, ukaleta harufu kali ya magome yaliyochemshwa na tope la mbugani. Hapo ndipo Makwinja alipoitazama mikono ya Mama Nasibeko. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Akakumbuka kitenge. Akakumbuka vidole vilivyokufa ganzi, na maji yaliyomiminwa na mtoto. 

Alitoa ngata akainyoosha juu ya ule uzi. "Hii ni yenu."

"Nilijua tu imeanguka mahali," alisema Mama Nasibeko, akaipokea.

"Mnayatia rangi."

"Tunayapa rangi ya mablanketi ya watu. Nembo tumeikata kwa wembe. Lile chungwa ukilianika nje, ndiyo umepiga mbiu. Mwanao hachezi tena na wenzake, maandazi yako hayanunuliwi tena."

"Si mngekataa tu!"

"Tukatae zawadi ya mgeni, mbele ya jumbe? Wewe umelelewa wapi, Makwinja? Yule mama ametuhangaikia. Unga wake ndio umetuinua vitandani. Tumwambie blanketi lako baya?" Alitikisa kichwa. "Na hiyo Jumatatu yake ndiyo kabisa. Tuliona yasipokuwepo, hatakuwa na cha kutuitia."

"Na Nasiyaya?"

"Tulimwambia aseme alifungwa kamba. Akasema mkisikia kufungwa mtauliza ni nani aliyemfunga. Akachagua usingizi. Hatukujua kama mtampitisha sokoni kwa pingu kama muuaji." Alimkata jicho. "Tumekubaliana. Jumatatu akisomewa, tunakwenda wote tujitaje."

Makwinja alibaki na swali moja la mwisho.

"Dada yangu yumo?"

"Wamo dada wa watu wengi."

"Mama Nasibeko, nakuomba."

Ukali ukapungua usoni pa kungwi. "Ana mwaka wa tatu kwenye dawa. Mkuu wa wilaya hamwogopi. Redio haiogopi. Anakuogopa wewe."

Makwinja aliona haya. Aliona haya mbele ya yule mwanamke, mbele ya wale asiowaona nyuma ya miti, wenye masikio. Alisikia maneno yake mwenyewe ya mezani, neno kwa neno, pamoja na kile kicheko. Akageuka akarudi alikotoka bila kuaga.

* * *

Kazi ilikuwa haijaisha, na kazi ndiyo iliyomshika mkono. Akieleza anachokijua, wanawake wote wale watasimama mahakamani, majina yasomwe huko badala ya uwanjani. Akinyamaza, Jumatatu Nasiyaya anasomewa shtaka, na wanawake wanajitaja wenyewe. Alitembea mpaka barazani kwa jumbe, na alipoliona lile baraza lenyewe, akapata njia.

Alimchukua jumbe, akamwita Madamu Gondwe, akawakalisha wote wawili kituoni.

"Jumbe, Jumatano ulipokea nini?"

"Mablanketi."

"Kwa niaba ya nani?"

"Ya wenyewe. Wagonjwa."

"Watu walipiga makofi?"

"Mpaka viganja vikawaka."

"Zawadi ikishapigiwa makofi barazani kwako, aliyeitoa anaweza kurudi kuidai?"

Jumbe alimtazama kama anayehojiwa na mlevi. "Akija nitamtoza mbuzi. Imekwisha kuwa ya watu."

"Basi Alhamisi usiku mablanketi hayakuwa ya shirika," alisema Makwinja. "Yalikuwa ya wenyewe. Na wenyewe wameyachukua. Sina mwizi, Madamu. Sina hata wizi."

Madamu Gondwe alisogeza kiti mbele. "Wameyachukua wenyewe? Lakini kwa nini wasingoje? Ilibaki siku chache tu!"

"Ni kwa sababu ya kile kipaza sauti, Madamu."

Aliona neno likimwingia. Uso ulimshuka polepole, akatazama viatu vyake vyenye tope.

"Na rangi," alisema kwa sauti ndogo. "Rangi niliichagua mimi. Nilitaka waonekane wanapendeza." Kisha akainuka. "Jumatatu mkuu wa wilaya atapewa chai, arudi kwake. Mashtaka nayafuta. Mlinzi wangu yuko wapi?"

Makwinja alifungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake mwenyewe.

"Nisamehe, mzee."

Nasiyaya alivaa koti lake, akafunga kila kifungo. "Mimi sina neno, bwana. Lakini soko lilinipokea na pingu. Utanipitisha tena bila pingu? Wote walioniona jana wapo leo."

Wakapita. Soko lilinyamaza lote, hata Mavuto. Makwinja alikuwa amemshika mzee mkono, na kila mahali alipoulizwa kwa macho alisema kwa sauti, "Nilikosea. Hakuiba." Hakupata kupita soko refu kama lile.

* * *

Jumapili baada ya kanisa alikwenda kwa Eluby bila kuitwa. Alimkuta mkekani; Eluby alipomwona, aliingiza mikono kitengeni haraka.

"Zione, lete maji," alisema Makwinja.

Msichana akaleta birika na beseni, akapiga magoti mbele ya mjomba. Mjomba akampokonya birika.

"Toa mikono, Eluby."

Hakuitoa. Alimwangalia usoni kwanza, akitafuta ni lipi analolijua. Alipoliona, alifungua kitenge. Mikono ilikuwa myeusi mpaka vifundoni. Makwinja akainama, mwanaume mzima mbele ya mdogo wake, akaanza kummiminia. Maji yaliingia besenini yakiwa meupe kama yalivyotoka.

"Haitoki, kaka. Nimesugua na majivu, nimesugua na mchanga."

"Najua."

"Ulisema utatapika."

"Nilisema," akajibu.

Eluby alikung'uta maji. Akavuta sahani ya nsima iliyokuwa yake peke yake, akaiweka katikati yao. Zione aliinamisha kichwa, kwa kuwa hakupata kuona mjomba akila sahani moja na mwanamke. Eluby akamega tonge kwa vile vidole vyeusi, akala, akasubiri.

Makwinja alimega palepale alipomega yeye. Maji ya kusukumia tonge yalikuwepo karibu. Hakuyaomba. Alitafuna, akameza, akamega tena.